Tonge la Kwanza

Nyumba iliyofungwa miaka sita hukutwa na vumbi, popo na chokaa iliyobanduka ukutani. Hivyo vyote Rawiya alivikuta. Ambacho hakukitarajia ni maji. Alipoingia bafuni kuosha miguu alikuta birika la bibi yake la kuogea, lililojengwa pembeni kwa mawe, limejaa hadi ukingoni, maji maangavu kabisa, na samaki wawili wadogo wanazunguka ndani yake, wale wa kula viluwiluwi vya mbu ambao nyumba za zamani za Amu, kisiwani Lamu, huwafuga.

"Kamaludin! Nani ametia maji huku?"

Mumewe, aliyekuwa akipigana na komeo la dirisha, alisema labda ni jirani. Kamaludin ana "labda" ya kila jambo, na akishaisema huwa amemaliza kufikiri.

Jirani mwenyewe, Bi Swafiya, ndiye aliyetunza ufunguo. Alikuwa mama wa makamo aliyejua kuwasomea wagonjwa na kuwatoa mashetani, na watu walimfuata kutoka hata Kipungani. Aliposikia habari za maji alikuja mpaka mlango wa bafu akasimama hapo hapo.

"Mimi siyangia humu tangu tumtoe marehemu bibi yako," alisema kwa sauti ya chini. "Na paipu ilikatwa. Fungani mlango huu, wanangu. Mwana asiteze hapa."

Lakini ukimwambia mtoto wa miaka saba asichungulie, umemwonyesha pa kuchungulia. Hadil alizaliwa Nairobi, kwenye fleti ya ghorofa ya nne, na Rawiya alimleta likizo hii makusudi aone alikokulia mamake. Siku nzima walizunguka pamoja: kidaka cha ukutani alimokuwa akificha peremende, ngazi iliyomvunja jino, daka la mlango wa mbele walipokaa wakipeta mchele na bibi. Rawiya alikuwa na furaha ambayo hakuwa nayo kwa muda mrefu, na furaha ikimzidi mtu humlegeza ulimi.

"Mami, hawa samaki hula nini?" Hadil aliuliza wakati wa chakula cha mchana.

"Bibi alikuwa akiwapa tonge la kwanza. Kila siku, kabla hajala mtu. Tukifikiri ni uzee."

"Aki tuwape!"

Wakacheka, wakaenda bafuni na wali wa nazi moto moto. Hadil akafinyanga tonge akalitupa. Samaki wakakimbilia pembeni, tonge likazama polepole mpaka likapotea, ingawa maji yale yalikuwa maangavu na birika lenyewe halikumfika Rawiya kiunoni. Kisha likarudi juu. Lilikuwa limetafunwa.

"Hawapendi mapishi yako," Kamaludin alisema kutoka sebuleni, walipomweleza. Harufu ya asumini ilijaa nyumba nzima, na hapakuwa na ua hata moja.

Jioni Hadil alikataa kula. Huyu ni mtoto wa kulamba chumvi ya embe hadi karatasi itoboke, lakini alitia kipande cha samaki wa kukaanga mdomoni akatema, akafuta ulimi kwa kiganja.

"Kina munyu," alisema.

Rawiya aliacha kutafuna. Nyumbani kwao Nairobi walisema chumvi, na neno lile la kale hakuwahi kulitumia mbele ya mwanawe. Mtu wa mwisho kulitamka chini ya dari ile alikuwa bibi, aliyekula chakula chapwa miaka yake yote ya mwisho, na wote wakisema ni presha.

Kesho yake Hadil hakula kitu. Alikaa amelowa nywele na hakusema amelowea wapi. Jua lilipofika utosini, watu wamejifungia kupumzika na vichochoro vimenyamaza, Rawiya alisikia mazungumzo bafuni, sauti ya mwanawe na nyingine nzito zikipokezana kama watu waliozoeana, akaita na asiitikiwe, akasukuma mlango ambao alikuwa ameufunga kwa mkono wake, akamwona Hadil ameinamia birika, uso wote ndani ya maji, macho wazi, midomo inachezacheza, wala hakuna povu hata moja linalopanda, na sauti ile nzito ikiendelea kusema taratibu kutoka kwenye koo la mtoto. Alimvuta kwa nguvu zake zote wakaanguka sakafuni pamoja.

Bi Swafiya alikuja na sahani nyeupe iliyoandikwa aya kwa zafarani. Aliiosha kwa marashi, akamnywesha Hadil maji yale ya kombe huku akisoma. Kamaludin alimshika mtoto miguu, na safari hii hakuwa na labda yoyote.

"Mulimpa nini?" Bi Swafiya alinong'ona.

"Tonge tu. Kama alivyofanya bibi."

"Lina munyu?"

"Wali... ndiyo, niliutia chumvi."

Bi Swafiya alifumba macho. "Hawa mashetani hawapawi munyu, Rawiya. Ni tusi. Kheri ungemnyima."

Akasoma kwa nguvu zaidi. Mwili wa Hadil ukakakamaa, na ile sauti nzito ikatoka, ya upole, ya mwenye nyumba anayesema na wageni.

"Nimetiwa munyu nyumbani kwangu. Aliyekuwa akinipikia ameondoka. Nataka wa kunipikia."

"Toka kwa jina la Mungu!" Bi Swafiya alisema. "Huna haki na mwana huyu!"

"Basi atapika huyu akikua. Mimi nangoja."

Midomo ya Hadil ilikuwa ya kijivu. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na Rawiya akamkumbatia mwanawe kifuani.

"Mwache!" alilia. "Nitakupikia mimi!"

Bi Swafiya alimrukia kumziba mdomo. Alichelewa. Hadil alivuta pumzi ndefu, akakohoa maji, akafumbua macho.

"Mami," alisema, "nataka chipsi. Weka chumvi mob, nyingi kabisa."

Kamaludin alilia wazi wazi bila kujificha. Rawiya alimbusu mwanawe kila mahali. Bi Swafiya peke yake hakufurahi. Alikuwa amekaa sakafuni, anamtazama Rawiya.

"Nawe ulipokuwa kama yeye ulishikwa na homa humu ndani," alisema. "Bibi yako alikufungia mlango akakaa nawe, ukatoka mzima. Yeye tangu siku ile hakuonja munyu. Nilijua, mwanangu. Nikadhani amekwenda na ahadi ile kaburini."

Asubuhi walishuka gatini na mizigo yao yote. Kamaludin alimpandisha Hadil kwenye boti ya Mokowe, ya kuvukia bara, akanyoosha mkono kumpokea mkewe. Rawiya akatanguliza mguu. Wimbi dogo likapiga ubavu wa boti, na maji ya bahari yenye chumvi yakamrukia usoni.

Yalimchoma kama mafuta ya kukaangia. Alijifuta, na mkono nao ukawaka. Akayatazama maji yaliyozunguka kisiwa pande zote, akamkumbuka bibi, ambaye hakuvuka hata kwenda harusi Manda, ng'ambo pale pale, ambaye hata alipozidiwa alikataa kupelekwa hospitali bara, na wao wajukuu wakimcheka kwamba anaogopa kutapika.

"Panda, Rawiya! Tutachelewa basi la Nairobi!"

"Nimesahau kufunga nyumba," alisema. "Tangulieni. Nitakuja kesho."

"Labda nikungoje..."

"Mpeleke mtoto, Kamaludin. Nakuomba. Mpeleke sasa."

Hadil alimpungia mkono, mdomo umejaa chipsi, chumvi imemganda kwenye mashavu. Rawiya alisimama akipunga mpaka boti ilipopotea. Halafu alipanda vichochoro taratibu, akaingia nyumbani, akabandika sufuria ya wali. Kikopo cha chumvi hakukigusa. Wali ulipoiva alifinyanga tonge, akalipeleka bafuni, akaliachia kwenye birika.

Tonge likazama, na safari hii halikurudi.