Alama za Nasieku

Kila asubuhi, baada ya kusaidia kukamua, Nasieku alifunga kibuyu chake cha maziwa na kushika njia ya shule. Yeye na Odilia walikaa dawati moja Darasa la Sita, katika kijiji kimoja kati ya Kilosa na Mikumi. Odilia alileta magimbi ya kuchemsha kutoka milimani kwao, naye Nasieku alileta maziwa. Wakati wa mapumziko walikula pamoja.

Miaka ile tuisheni ilikuwa imeanza kuenea, na Mwalimu Oswald alifundisha hisabati jioni kwa malipo. Alitoa jaribio la kwanza, na Nasieku alipata ishirini na nne. Baba yake, Mzee Kulet, alikunja uso.

"Mwanangu, kuna jaribio jingine," alisema. "Ukipanda, utaendelea na shule. Usipopanda, ndama wanakungoja."

Nasieku alijitahidi. Alikokotoa hesabu mchangani huku akichunga, akafuta kwa mguu, akaanza tena.

Ijumaa Odilia alimwambia, "Jaribio la Jumatatu limeahirishwa. Litakuwa Alhamisi."

"Kweli?"

"Mwalimu mwenyewe kanituma nikwambie."

Basi Jumatatu jioni, saa ya tuisheni, Nasieku alikwenda na mama yake kunywesha ndama mtoni. Jumanne alipoingia darasani, alikuta ubaoni maandishi makubwa: wastani wa kwanza arobaini na tatu, wastani wa pili hamsini na tatu. Jaribio lilikuwa limeshafanyika.

"Nasieku alikuwa kwenye mtihani wa ng'ombe!" Boniface alipaza sauti. Darasa likacheka.

Nasieku alimgeukia rafiki yake. "Odilia, si wewe uliyeniambia Alhamisi?"

"Mimi?" Odilia alijibu, macho yakiwa kwenye dawati. "Sikumbuki."

Kicheko cha wengine Nasieku angekivumilia. Lakini huyu alikuwa amekunywa kwenye kibuyu chake tangu Darasa la Tatu.

Muda si mrefu Mwalimu Mkuu, Mwalimu Magreti, aliingia pamoja na Mwalimu Oswald. Wanafunzi walisimama na kumwamkia.

"Marahaba. Kaeni."

"Mwalimu Mkuu, umeona tulivyopanda?" Mwalimu Oswald alisema kwa furaha. "Alama kumi! Jumamosi nitawaonyesha wazazi faida ya tuisheni."

Nasieku hakuwa na mazoea ya kusema mbele za watu. Alisimama. "Mwalimu, mimi sikufanya. Niliambiwa ni Alhamisi."

"Hata mimi," alisema Samsoni kutoka nyuma.

Wengine wakainua mikono. Wote walikuwa wale waliopata alama za chini katika jaribio la kwanza.

Mwalimu Magreti alitazama ubao. "Waliofanya majaribio yote mawili, simameni. Kila mmoja ajilinganishe na nafsi yake tu. Uliyepanda, nenda dirishani. Uliyeshuka, nenda mlangoni."

Madawati yakakwaruza sakafu. Kumi na mmoja walisimama dirishani, tisa mlangoni.

"Sasa tuseme tuisheni haina faida yoyote," aliendelea. "Kupanda au kushuka ni bahati tu, kama kurusha sarafu. Nikirusha mara ishirini, nitapata nini?"

"Karibu kumi kwa kumi," Boniface alijibu.

"Na hapa?"

"Kumi na mmoja kwa tisa." Boniface alikuna kichwa. "Mbona ni karibu sawa, mwalimu?"

"Ndiyo. Sisemi tuisheni haifai. Nasema hatujaona bado kwamba imesaidia. Wastani umepanda kwa sababu wa chini hawakuwepo. Ukitoa mbuzi wafupi zizini, waliobaki hawajarefuka."

Safari hii hakuna aliyecheka. Odilia alianza kulia.

"Mwalimu Oswald alinituma niwadanganye wa alama za chini," alisema. "Aliniahidi ukiranja."

Mwalimu Oswald aliinamisha kichwa. Jumamosi aliomba radhi mbele ya wazazi wote, na tuisheni ikasimamishwa. Kabla ya hapo, Alhamisi, walioachwa walipewa jaribio, na Mwalimu Magreti alilisimamia mwenyewe.

Nasieku alipata arobaini na saba.

Mzee Kulet alipoambiwa Jumamosi hiyo mkutanoni, aliuliza kwanza, "Na yule wa kwanza darasani alipata ngapi?"

"Themanini na moja, mzee," Mwalimu Magreti alijibu. "Lakini binti yako usimpime kwa mtoto wa mwenzako. Mpime kwa jana yake. Amepanda kwa jasho lake mwenyewe." Kisha akamgeukia Odilia, aliyesimama kando. "Nawe, mwanangu, ukiranja wa kupewa kwa uongo haukuongezei kimo. Umekupotezea rafiki."

Mzee Kulet aliitikia kwa kichwa taratibu. "Basi ndama watapata mchungaji mwingine," alisema.

Jumatatu, wakati wa mapumziko, Odilia alisogeza magimbi katikati ya dawati.

"Nisamehe, Nasieku."

Nasieku alifungua kibuyu, akanywa, akakifunga tena.

"Nimekusamehe," alisema. "Lakini maziwa leo nakunywa peke yangu. Niulize tena siku nyingine."