Kola ya Bibi

Kila alasiri, akitoka shule, Kiroboto alifagia vipande vya vitambaa chini ya cherehani ya bibi yake. Jina hilo alipewa na bibi mwenyewe, maana mtoto hakujua kutulia. Siku hiyo alizidi. Alifagia pembe moja mara tatu, akachungulia dirishani, akarudi kufagia miguu ya bibi.

"Mjukuu wangu, hiyo miguu bado naitumia," alisema Bibi.

Kilichomchoma Kiroboto kilikuwa shule. Mwalimu wa historia aliwataka wanafunzi walete karatasi za zamani za familia zao, wapate kujua shule yao ilianzaje. Kesho ilikuwa zamu yake. Naye, mdomo ukiwa umeitangulia akili, alishawatambia wenzake kwamba bibi yake alisoma shule hiyo hiyo na alikuwa wa kwanza darasani. Wala hakuna aliyemuuliza.

Bibi alipotoka kumpelekea mteja gauni, Kiroboto alipekua droo. Aliona patani tu, zile karatasi ngumu za kukatia nguo. Alipoigeuza patani ya kola, aliona jina la Bibi na muhuri wa shule. Kumbe Bibi alikata ripoti yake ya shule akaifanya kola! Nusu ya mashati ya mtaa ule yalitokana na karatasi hiyo.

Akasoma: nafasi ya 19 kati ya 19.

Akasoma tena, labda namba zingeona haya zibadilike. Alikaa, akasimama, akaenda mlangoni, akarudi. Mwishowe alichukua wembe wa kufumulia mishono, akaanza kuikwangua ile tisa ya kwanza ili ibaki moja peke yake. Tisa ilikuwa kaidi. Alipokazana, wembe ulipenya, ukaacha tundu la kuingia kidole.

Bibi aliporudi alimkuta amekaa kimya, ametulia tuli. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

"Umevunja nini?"

Kiroboto akaitoa kola, akaeleza yote: majigambo, wembe, tundu. Bibi alivaa miwani, akachungulia kwenye tundu, akamwona mjukuu wake upande wa pili, akacheka mpaka akafuta machozi. Kisha kicheko kikakatika.

"Umesoma namba moja ukakimbia. Soma na hapo chini."

Chini paliandikwa mahudhurio: siku 38 kati ya 190. Bibi akamweleza kwamba shule ilikuwa chumba kimoja, na madawati yalikuwa ya wavulana. Wasichana walikuwa watatu tu. Waliingia Ijumaa peke yake, wavulana walipokwenda kulima bustani ya shule. Lakini mtihani ulikuwa mmoja kwa wote. Basi wale watatu wakashika mkia kwa pamoja, na Bibi akawa wa mwisho kabisa kwa sababu, alivyosema mwenyewe, hata hiyo siku moja ya wiki aliitumia kupiga soga.

Kesho yake Kiroboto alisimama mbele ya darasa, akibadilisha mguu huu na ule. Msichana wa dawati la mbele alimkumbusha kwa sauti tamu kwamba bibi yake alikuwa wa kwanza.

"Nilidanganya," alisema Kiroboto. "Alikuwa wa mwisho. Na hili tundu ni langu."

Wachache walicheka. Alipofika kwenye habari ya Ijumaa, kicheko kilikwisha. Mwalimu aliishika ile kola kwa mikono miwili, akasema kwamba daftari za shule hazikuwa na neno hata moja kuhusu wasichana wale.

"Ungefanikiwa kuifuta namba hiyo," alimwambia, "ungewafuta wote watatu."

Kola iliwekwa ubaoni, juu ya karatasi nyingine zote. Kiroboto alikimbia nyumbani kutoa habari. Bibi alikuwa akikata patani mpya, maana mteja hangojei historia.

"Kuwa wa mwisho hakukuniaibisha," alisema bila kuinua macho. "Ungenipeleka pale kwa uongo, hapo ndipo ungeniaibisha. Ukweli hata ukiwa na tundu, mtu anauvaa. Sasa shika ufagio, na miguu yangu uiache."