Kitambaa cha Inveta ya Danstan

Wewe unayecheka eti jini haliwezi kukaa ndani ya inveta, meza kwanza hicho kicheko. Hukuwepo kijijini kwetu Bisibo. Mimi nilikuwepo, na pua yangu bado ni nzima.

Fundi Gozbert alipomfungia Anjelika, binti wa kaka yangu, umeme wa betri alisema wazi: mitambo ikae penye hewa, isifunikwe, isilale chumba kimoja na mtu. Gozbert alipoondoka tu, Anjelika akaogopa wezi. Akaisukuma yote chini ya kitanda cha mwanawe wa pekee, Danstan, na inveta, lile boksi linalogeuza umeme wa betri uwashe taa, akaivisha kitambaa cha kufuma, kama sote tunavyovisha redio. Feni yake ya ndani ikakosa pumzi. Moshi ukamkuta mtoto usingizini.

Baada ya matanga Gozbert alichomoa waya wa hasi, kisha wa chanya, akaondoka na betri. Boksi la inveta, lililoungua, Anjelika alikataa kulitoa. Basi taa ya chumba kile ikaanza kuwaka yenyewe mchana.

Juzi alasiri nikamfuata Gozbert, twende tukalitoe. Harufu ya mayai viza ilitupokea, na taa ilikuwa inawaka. Boksi lilikuwa limelazwa juu ya mto, limefunikwa kitambaa kipya, na Anjelika amekaa pembeni.

“Bibi, halina hata waya mmoja,” Gozbert alininong'oneza.

“Sijapofuka. Libebe tutoke.”

“Libebe wewe.”

Nikanyoosha mkono, na kabla sijaligusa feni ile iliyoyeyuka ikaanza kuvuma, polepole, kama mtu anayevuta pumzi kwa shida, taa ikafifia ikawa nyekundu, harufu ikazidi, na chini ya kitambaa ikatoka sauti ya Danstan, ile ile ya puani, ikisema, “Mama, nifunue. Nakosa hewa.”

Gozbert alitorokea dirishani. Viatu aliviacha.

Anjelika akachukua blanketi, akaliongezea juu.

“Mwanangu,” nikasema, “linakuomba ulifunue.”

“Nikilifunua litaondoka, shangazi.”

“Liondoke. Huyo si Danstan. Ni jini.”

“Najua.” Alikuwa anachomekea blanketi pembeni, taratibu, lisiingize baridi. “Lakini nani mwingine ataniita mama?”

 Nikaviokota viatu vya Gozbert.

“Mama,” likaita tena.

“Nipo, baba. Nipo.”

Nikatoka, nikafunga mlango.