Samaki Aliyefunga Mdomo

Jonah alikuwa fundi wa reli mjini Nakuru. Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, alipiga magoti mbele ya tangi la kioo. Karani mmoja Mgoa alimwachia tangi hilo aliporudi kwao Goa. Ndani mliogelea samaki wadogo wa rangi ya dhahabu, na mmoja wa buluu.

"Baba Jelagat, chai inapoa!" mkewe Chepngeno alisema.

"Nakuja."

Hakuja. Chepngeno alishusha pumzi. Alikuwa amechoka na samaki hao. Mara mbili walikuwa wamezaa, na mara mbili watoto wamekufa. Wa kwanza waliliwa na samaki wakubwa. Wa pili Jonah aliwamwagia makombo mengi ya mkate, maji yakaoza. Na Jumapili iliyopita alimwaga maji yote, akajaza mapya ya bomba, baridi kama barafu. Yule wa buluu, ambaye ndiye alikuwa dume pekee, akafa.

"Njoo uone!" Jonah aliita. "Jike mmoja ni mgonjwa. Koo limevimba. Hali chochote. Nitamfungua mdomo nimtie chumvi."

"Utamfungua nini?" Chepngeno aliweka kikombe chini kwa kishindo. "Umemuua mume, sasa unataka kumuua mjane! Usimguse. Namwita Mburu."

Mburu alikaa nyumba ya tatu. Alifanya kazi kwenye mabwawa ya idara ya samaki. Alikuja, akainama, akatazama. Kisha akacheka.

"Mama, huyu si mgonjwa. Ana mayai mdomoni."

"Mdomoni?"

"Ndiyo. Jike wa aina hii hutaga, kisha huyabeba mayai mdomoni mpaka watoto watoke. Siku hizo zote hali. Akishtuliwa, huenda akayatema au akayameza."

Chepngeno alimgeukia mumewe. "Na wewe ulitaka kumtia chumvi!"

Jonah alikuna kichwa. "Sikujua, Mama Jelagat."

"Hukujua, na hukuuliza! Dume hayupo tena. Hawa wakifa, ndio mwisho." Sauti yake ilitetemeka, naye akakasirika zaidi kwa kuwa ilitetemeka. "Mburu, tufanye nini?"

"Msimhamishe yeye. Wahamisheni wenzake, polepole, kwenye chombo kingine chenye maji yaya haya. Tangi likae mbali na mlango, baridi isiingie. Maji msibadilishe yote. Toeni kidogo tu, mrudishe kidogo. Maji ya bomba yana dawa. Yaacheni wazi ndani ya nyumba usiku kucha, dawa itoke na ubaridi upungue."

"Na chakula cha watoto?"

"Kiini cha yai lililochemshwa sana. Kipondeni kwenye kitambaa, kitoke kama unga. Wapeni kiasi cha kushika kwa ncha ya kidole, mara chache kwa siku. Kikibaki chini, kiondoeni. Mkate hapana."

Jonah alikuwa karakanani mchana kutwa, kwa hiyo kazi ilimwangukia Chepngeno. Alinung'unika akiteka maji. Alinung'unika akiponda yai. "Kuku wangu anataga ili samaki wale!" Lakini Jonah alipogonga kioo kwa kidole, Chepngeno alimpiga kofi mkononi.

Asubuhi moja alikuwa akifagia. Alitupia jicho kwenye tangi, ufagio ukamwanguka. Jike alifungua mdomo, na vitoto vikatoka kama punje za wimbi zenye macho. Kivuli cha Chepngeno kilipopita juu ya maji, vyote vilirudi mbio mdomoni mwa mama.

"Uwi!" Chepngeno alinong'ona. Alikaa chini sakafuni, akasahau kufagia.

Siku zilizofuata watoto walijifunza kula na hawakurudi tena mdomoni. Mburu akasaidia kumtoa mama, aliyekuwa amekonda sana. Walimlisha peke yake mpaka akanenepa.

Watoto nao wakakua. Wachache walikufa, wengi wakaishi. Baadhi walianza kuonyesha rangi ya buluu. Madume! Jonah akaleta rafiki zake wa karakana. Mmoja wao akanyoosha mkate juu ya tangi.

"Wewe!" Chepngeno alifoka kutoka jikoni. "Toa mkono! Hapa hakuna mkate. Keti nikufundishe."

Yule bwana aliketi. Jonah naye akaketi, ingawa hakuambiwa.