Mgeni wa Bango la Zarina

Bango la Zarina liliwaka jioni ya Jumanne, na Kokugonza alijua kabisa kwamba haliwezi kuwaka. Nyaya zake zilikatwa mwaka uliopita, serikali ilipotaifisha jengo na Mhindi mwenye duka la mitindo la Zarina akafunga mizigo yake. Juu ya paa palibaki vioo vitupu: herufi sita na umbo la mwanamke aliyevaa gauni refu. Ghorofa tatu si kitu kwa waliotembea, lakini katika Bukoba ya siku zile ukitaka kulitazama jengo lile ulishika kofia.

Kokugonza alikuwa fundi cherehani wa duka hilo. Wenzake walitawanyika mmoja mmoja, yeye akabaki na cherehani yake katika chumba cha juu kabisa, chini ya bango. Mumewe alikwishafariki. Mwanawe wa pekee, Georgina, aliolewa Kamachumu, kule Muleba, na mara mbili alimwandikia mama aende wakakae wote. Mama alijibu kwamba ana kazi nyingi. Kazi gani, vifungo viwili kwa wiki! Aliona aibu tu kwenda kula ndizi za mkwe, na upweke ukazidi kumla.

Kwa hiyo mwanga mwekundu ulipoingia dirishani, Mungu amsamehe, hakuogopa. Alifurahi. Chumba kilinuka kitambaa kipya kilichoungua kwa pasi, kisha sauti nyembamba ikabisha hodi. Haikubisha mlangoni. Ilibisha dirishani, ghorofa ya tatu, mahali ambapo hata paka hana pa kusimama.

Kokugonza alifanya alivyofundishwa na mama yake. Mgeni ni kahawa kwanza, maswali baadaye. Alitoa kijikapu cha kahawa kavu, akatafuna punje moja yeye mwenyewe ili mgeni ajue haina ubaya, akakisogeza dirishani. Kitu kikachukua punje mbili. Akasikia zikitafunwa.

Tangu siku hiyo mgeni alikuja kila giza lilipoingia. Kokugonza alizungumza, mgeni akasikiliza, na ni nani aliyekuwa amemsikiliza mwaka mzima? Lakini mteja wake wa Bilele, Ephrasia, alipokutana naye sokoni alilalamika kwamba amegonga mlango siku mbili bila kujibiwa, na siku zote mbili Kokugonza alikuwa ndani, anashona, ameitikia. Kanisani aliwaamkia watu wasigeuke. Sauti yake ilikuwa inakwisha, na ile ya dirishani inanenepa, hata jioni moja ikakohoa kikohozi chake yeye, kilekile cha vumbi la pamba.

Hapo hofu ikamwingia. Alikwenda Rwamishenye kwa mganga Byabato, ambaye ilibidi ainamishe sikio hadi mdomoni mwake.

"Aliingia mwenyewe au ulimkaribisha?" Byabato aliuliza.

"Nilimpa kahawa, waitu," alinong'ona kwa heshima.

Mzee alisogeza chetezo chake kando. "Angeingia mwenyewe ningemtoa kwa moshi. Huyu ametafuna kahawa yako, mama. Sina mkono wa kumfukuzia mgeni wako."

Akamweleza njia iliyobaki. Mtu wa damu yake asimame kwenye mlango wa chumba kile, amwite Kokugonza kwa jina lake mara tatu. Jina lake hasa, kwa kuwa mgeni hawezi kuliitikia, nalo litamrudishia sauti. Akiitwa mama tu, yeyote anaweza kuitika, na atakayeitika ndiye atakayetoka. Kokugonza aliandika yote katika barua, Byabato akaikabidhi kwa dereva wa basi la Muleba.

Georgina alifika Alhamisi alasiri, jua lingali kali. Kokugonza alisikia viatu vyake kwenye ngazi, akasimama katikati ya chumba, na papo hapo mwanga mwekundu ukamwagika mchana kweupe na harufu ya kuungua ikamjaa puani, akahisi mtu nyuma yake anavuta pumzi kila anapovuta yeye, akaomba moyoni mtoto aseme neno lile moja, alitaje tu, hata kwa kunong'ona.

Lakini Georgina alilelewa vizuri. Tangu azaliwe hakuwahi kutamka jina la mama yake, wala hakumjua mtoto aliyewahi. Alisimama nje ya mlango uliofungwa, barua mkononi, akafungua kinywa, ulimi ukamsaliti kwa adabu.

"Mama," aliita polepole. "Mama. Mama."

Kokugonza aliitika mara zote tatu kwa nguvu zake zote, na hapakutoka hata mnong'ono.

"Abee, mwanangu," ikasema sauti yake, nyuma yake.

Mlango ulifunguka. Georgina alimkumbatia mwanamke aliyevaa gauni refu, mwenye uso wa mama yake, akalia kwa furaha kwenye shingo yake. Alipokiangalia chumba, macho yake yalipita juu ya Kokugonza kama yanavyopita juu ya ukuta.

Wakashuka ngazi wameshikana mikono. Kokugonza alitaka kuwafuata, miguu ikakataa kuvuka kizingiti. Alimsikia mwanawe akisema kwamba safari hii amefurahi mama hakubisha, kwamba wamemtengea kitanda chumba cha watoto, pamoja na yule mdogo anayenyonya.

Na yule akajibu kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitamani.