Pale Palipokuwa Kimya

Khumbo alikuwa fundi redio mjini Rumphi. Mtambo wa kurushia matangazo aliuunda mwenyewe, akatafuta kwenye redio mahali pasipo na sauti, akapachukua. Kibali hakuomba. Hayo aliyaona mambo ya wavaa tai.

"Pako kimya. Pana nani hapo?" alimwambia mkewe, Tawonga.

Kila jioni aliwasalimia wasikilizaji kwa majina ya koo zao, kama heshima inavyotaka. Mji mzima ulimpenda.

Jioni moja mama yake, NyaGondwe, alizidiwa huko milimani, ambako simu za mkononi hazishiki. Muuguzi wa zahanati aliita gari la wagonjwa kwa simu ya upepo. Aliita hadi sauti ikamkauka. Gari halikuja, na NyaGondwe akafa.

Msibani Khumbo alimvaa dereva wa gari hilo, mzee Nyirenda. "Ulikuwa umelala, muuaji wee!"

"Sikulala, mwanangu," mzee alisema kwa uchungu. "Kila nikisikiliza simu ya upepo, nakusikia wewe unasalimia watu."

Khumbo alikaa chini.

Baada ya maziko alikuja Temwa, mkaguzi wa ofisi ya mawasiliano. Aliupima mtambo, akauzima.

"Serikali imeyagawa masafa kama viwanja," alisema. "Haya ya redio, haya ya simu, haya ya ndege, haya ya gari la wagonjwa. Mtambo wako haukupimwa, kaka. Unamwagikia kwa majirani."

"Lakini palikuwa kimya!"

"Redio ya nyumbani haishiki masafa ya gari la wagonjwa. Na hata penye kimya pana mwenyewe, au pameachwa makusudi ili redio zisigongane. Ndiyo maana mtu huomba leseni, akapangiwa."

Khumbo aliomba. Akapangiwa masafa yake, akafunga mtambo uliopimwa, na salamu zikarudi hewani.

Masika yaliyofuata, bibi mmoja alizidiwa kwenye zahanati ileile. Muuguzi aliita mara moja tu, mzee Nyirenda akaitika. Kesho yake bibi alikuwa hospitali, anakunywa uji na kulalamika hauna sukari.

Khumbo alipata habari hizo akiwa mezani. Chakula kikamshinda.

"Kumbe ilikuwa ni kuomba tu," alisema.

"Ni kuomba tu, mume wangu," Tawonga alijibu, akaondoa sahani.