Aliyetaja Goti la Verna

"Wewe ndiye uliyewaambia kuhusu goti langu," Verna alisema, mkono wake ukiwa bado kwenye kitasa cha mlango.

Maxine hakugeuka. Alikuwa mbele ya kioo anabandika kope za bandia. Pembeni lilining'inia vazi la rangi ya fedha ambalo hadi jana lilikuwa la Verna.

"Goti gani?"

"Usinichezee. Miaka minne tunagombania kila nafasi hapa Hollywood. Leo asubuhi Bwana Hargrove ananiambia hataki mcheza dansi mwenye goti bovu. Kajuaje?"

Hargrove alikuwa anaongoza filamu ya wacheza dansi wawili wanaogombea jukwaa moja. Verna alikuwa amepewa nafasi ya mshindi, Maxine ya mshindwa, hadi Maxine alipopewa ile ya Verna. Watu walitania kwamba hao wawili hawatahitaji kuigiza.

Maxine aliweka gundi chini.

"Sikiliza, mwenzangu. Nimekusema vibaya sana. Nimesema unacheza kama mtu anayekimbilia tramu inayomwacha kituoni. Lakini nilisema mbele yako. Hilo goti nimelisikia leo, kama wote. Nani mwingine alikuwa anajua?"

Verna aliachia kitasa. Aliyejua alikuwa mtu mmoja tu: yule aliyemfungia barafu kwenye taulo kila jioni. Emmett Lindqvist, mpiga piano wa mazoezi. Harusi yao ilikuwa wiki tatu mbele.

Alikwenda kwenye simu ya ukutani akapiga kwenye nyumba aliyopanga Emmett.

"Emmett, nani alimwambia Hargrove?"

Alisikia redio ya mama mwenye nyumba ikiimba kwa mbali.

"Tukutane tuongee, Verna."

"Nimekuuliza nani."

"Ni mimi."

Walikutana kwenye mkahawa ulio mbele ya geti la studio. Pai ya tufaha iliwekwa katikati yao, hakuna aliyeigusa.

"Daktari alisema ukiruka tena kutoka kwenye zile ngazi za jukwaani, unaweza kuchechemea maisha yako yote," Emmett alisema. "Nilikuomba uache."

"Na mimi nikakwambia mguu ni wangu."

"Ulisema."

"Kwa hiyo ilikuwa ni goti tu?"

Emmett alikoroga kahawa ambayo hakuitia sukari. Angeweza kusema ndiyo. Verna angemwamini, na pengine siku moja angemshukuru.

"Nusu ilikuwa goti," alisema. "Nusu nyingine ilikuwa mimi. Nilikuona ndani ya lile vazi, watu wote wanakutazama, nikajiona mpiga piano wa mazoezi. Nikajiambia, huyu akipanda juu hatanikumbuka."

"Ukaamua kunishusha."

Verna alivua pete, akaiweka kando ya kikombe, akatoka.

Wiki moja baadaye, mchana, Maxine aligonga mlango wa Verna akiwa ameshika viatu vya dansi mkononi.

"Dansi ya mwisho imenishinda. Nimekuja kukuomba, na usifurahi sana."

"Nafurahi kidogo," Verna alisema. "Ingia."

Alimfundisha akiwa amekaa kitini, anapiga mapigo mezani kwa kiganja. Siku ya tatu Maxine alikaa sakafuni akihema.

"Kuna jambo hujaambiwa. Emmett alimfuata Hargrove, akasema mbele ya wanamuziki wote kwamba alikusema kwa wivu, na wewe urudishiwe nafasi yako. Hargrove akajibu kwamba upigaji picha umeshaanza. Jamaa akachukua kofia yake, akaacha kazi."

"Unamtetea?"

"Mimi? Hata anavyopiga piano sipendi. Nakwambia tu nilichokiona."

Hargrove alipoiona dansi ya Maxine, aliuliza nani kaifundisha. Maxine angeweza kujitaja mwenyewe. Alimtaja Verna. Ndivyo Verna alivyopewa filamu iliyofuata, apange dansi zote, goti lake likiwa bado kwenye bandeji baada ya upasuaji ambao hatimaye alikubali kufanyiwa.

Barua za Emmett zilikuwa zinafika kila wiki kutoka San Diego, alikohamia. Nne aliziweka kwenye droo bila kuzifungua. Ya tano aliisoma akiwa amesimama.

"Sikuombi urudi. Hata kama daktari alikuwa sahihi, haikuwa haki yangu kukuamulia. Hilo nimelielewa nikiwa nimechelewa."

Alifikiri siku kadhaa. Kupoteza nafasi kulikuwa kumeacha kuuma. Kilichobaki ni kwamba mtu aliyekaa naye kwenye sofa wameshikana mikono alikuwa na hofu kubwa hivyo, na hakumwambia. Na yeye mwenyewe, kwa kukimbilia lile vazi, hakuwahi kumuuliza.

Akapanda treni ya San Diego.

Alimkuta kwenye ukumbi mdogo, anawapigia piano wazee wanaojifunza dansi ya waltzi. Alisubiri hadi wakamaliza.

"Bado nina hasira," Verna alisema.

"Najua."

"Nikirudi, utaogopa tena?"

Emmett alifunga mfuniko wa piano polepole.

"Nitaogopa. Wamekupa filamu nzima, Verna. Nitaogopa sana."

"Basi siku ukiogopa, niambie mimi. Usimwendee mtu mwingine hata mmoja."

"Na wewe ukiumia?"

Verna alitazama goti lake.

"Nitakaa chini," alisema mwishowe.

Walioana Januari, kwenye ofisi ya serikali ya mji, asubuhi ya Jumanne. Maxine ndiye aliyekuwa shahidi. Alichelewa, akamlaumu dereva wa teksi. Karani alisukuma kitabu cha ndoa mbele yao, na Emmett akamwinamia Verna sikioni.

"Naogopa."

"Sasa hivi?"

"Sana."

"Hata mimi," Verna alisema, akampa kalamu.